Ukuta wa Mwoka Mikate: Mjadala juu ya Picha za Uholanzi za Karne ya 17

Mezani pamewekwa pai kubwa ya nyama, na juu yake amesimamishwa bata mzinga aliyekwisha kufa, manyoya yake yote yakiwa mwilini. Kando kuna kikombe kilichotengenezwa kwa kome la bahari, bakuli la kaure kutoka China, na sahani za bati zenye mng'ao wa baridi. Hata hivyo, kitu kinacholishika jicho likakaa ni kipande cha karatasi. Ni ukurasa uliochanwa kwenye kalenda, ukasokotwa jinsi muuza karanga anavyosokota karatasi yake, na ndani yake mna pilipili manga. Chapa ya maandishi ya kalenda inaonekana kwenye mikunjo. Pieter Claesz wa Haarlem aliichora picha hiyo mwaka 1627, na leo imetundikwa Rijksmuseum, Amsterdam. Pilipili ile ilivuka bahari mbili kwa miezi mingi kabla ya kufika juu ya kitambaa hicho cheupe, na karatasi iliyoifunga ni taka ya siku mbili tatu. Mchoraji amezipa zote mbili uangalifu uleule ambao zamani ulikuwa wa nyuso za watakatifu. Kwa nini? Na nani alikuwa tayari kulipa ili atazame karatasi ya dukani kila siku ya maisha yake?

Hoja ninayoitetea ni kwamba picha hizi zilichorwa na mji. Walioshika brashi walikuwa wachoraji, na baadhi yao walikuwa mafundi wasio na kifani. Lakini nini kichorwe, kwa ukubwa gani, kwa haraka gani na kwa bei gani, hayo yaliamuliwa na watu wa mijini walionunua picha wazitundike nyumbani. Kilichoingia katika picha ni kile ambacho mwenye nyumba angekubali kuishi nacho ukutani. Kipimo hicho kinaeleza upole wa picha zile, upole ambao hadi leo unamtuliza mtu anayezitazama. Kinaeleza vilevile kimya chake, na kimya hicho nitakifikia, kwa kuwa ndipo mjadala huu unapouma.

Kwanza tuone mji ulivyopata nafasi hiyo. Mwaka 1566 makundi ya Waprotestanti yalivamia makanisa ya Nchi za Chini, yakavunja sanamu na kuharibu picha za madhabahuni. Kanisa la Kikalvini lililoshika hatamu baadaye halikuagiza tena picha za namna hiyo. Kuta zilipakwa chokaa, na weupe huo mchoraji Pieter Saenredam aliutumikia kwa brashi yake karibu maisha yake yote. Mwaka 1581 mfalme wa Hispania, aliyezitawala nchi hizo, alikataliwa rasmi. Palikuwa na ukoo wa wakuu wa Orange huko Den Haag, nao waliagiza picha kubwa za kuutukuza ukoo wao, lakini nyumba moja ya kifalme haiwezi kulisha mamia ya wachoraji. Antwerp ilipoanguka mikononi mwa Wahispania mwaka 1585, maelfu ya wafanyabiashara, wafumaji na wachoraji walihamia kaskazini na mitaji yao, ufundi wao, na mazoea yao ya kununua picha sokoni. Amsterdam, iliyokuwa na watu kama 30,000 karibu na mwaka 1580, ilikuwa na watu wanaokaribia 200,000 miaka tisini baadaye. Katika nchi za Kikatoliki mchoraji wa heshima alisubiri askofu au mtawala amwite. Mchoraji wa Haarlem au Leiden mara nyingi alichora kwanza, kisha akamtafuta mnunuzi asiyemjua: dukani, mnadani, kwenye gulio la mwaka, hata kwenye bahati nasibu ambazo zawadi zake zilikuwa picha.

Wageni walishangaa. Peter Mundy, Mwingereza aliyepita Amsterdam mwaka 1640, aliandika kwamba wauza nyama na waoka mikate walitundika picha madukani mwao, na kwamba hata mhunzi na mshona viatu walikuwa na picha karibu na sehemu zao za kazi. Mwaka uliofuata Mwingereza mwenzake John Evelyn alilikuta gulio la Rotterdam limesheheni picha, akaeleza kwamba wakulima walitia fedha zao humo kwa sababu ardhi ya kununua ilikuwa haba. Evelyn alitia chumvi, na maelezo yake kuhusu ardhi hayasimami. Ushahidi mzito zaidi uko katika orodha za mirathi. Mtu alipokufa au kufilisika, karani aliingia nyumbani akaandika kila kitu chumba kwa chumba: vitanda, sufuria, mashuka, picha. Mwanauchumi John Michael Montias alizipekua orodha za namna hiyo za mji wa Delft na kuchapisha kitabu chake mwaka 1982. Humo unakuta picha sebuleni, picha jikoni, picha katika chumba cha nyuma, na nyingi hazina jina la mchoraji. Karani ametaja aina ya picha na pengine thamani yake ya gilda chache, akaendelea na sufuria. Kadiri karne ilivyosonga, sehemu ya picha za masimulizi ya Biblia na ya miungu ya kale ilipungua, mandhari zikazidi.

Bei hiyo ya gilda chache si jambo la pembeni. Gilda moja ilikuwa karibu ujira wa siku wa fundi stadi. Ili picha iuzwe kwa mtu kama huyo, ilibidi ichorwe kwa siku chache, na hapa ndipo soko lilipoingia mpaka ndani ya rangi yenyewe. Tazama kazi za Jan van Goyen za miaka ya 1630 na 1640: rangi mbili tatu za udongo na kijivu, zimepakwa nyepesi, mbao ya chini ikionekana katikati ya mipako, na anga imechukua theluthi mbili ya picha. Hakuna tarumbeta, hakuna malaika. Ni mto, mtumbwi, upepo. Montias alionyesha kwamba namna hiyo ya kuchora ilipunguza saa za kazi na kwa hiyo ikashusha bei. Tunaloliona leo kama ushairi wa unyevu na mawingu lilikuwa pia hesabu ya fundi anayelisha familia. Isaac van Ostade alikubaliana na mfanyabiashara mmoja wa Rotterdam mwaka 1641 kumpatia picha 13 kwa gilda 27 zote pamoja, yaani gilda mbili na ushei kwa picha. Miaka miwili baadaye walifikishana kwenye shauri. Ushindani huo ndio uliomlazimu kila mchoraji kujichimbia mahali pake: huyu meli, yule ng'ombe, mwingine barafu ya majira ya baridi, mwingine ndani ya makanisa matupu. Vyama vya mafundi vilivyojiita kwa jina la Mtakatifu Luka vilijaribu kulinda soko la kila mji dhidi ya picha za kutoka nje, na Haarlem mwaka 1642 wanachama walizozana wao kwa wao kama minada na bahati nasibu zipigwe marufuku. Picha ilikuwa bidhaa, na wote waliohusika walijua hivyo.

Hapo baraza inachangamka. Wa kwanza kusimama anasema: "Unazungusha maneno. Watu hawa walichora walichokiona, basi. Walipenda nchi yao, wakaichora. Picha zao ni kioo." Sauti hii ni ya zamani na ina watetezi wa heshima. Mfaransa Eugène Fromentin, mwaka 1876, aliuelezea uchoraji wa Kiholanzi kama picha ya Uholanzi yenyewe, iliyo aminifu na isiyopambwa. Ni kweli kwamba macho ya wachoraji hawa yalikuwa makali. Ila jicho kali halimfanyi mtu kuwa kioo. Maua ya Ambrosius Bosschaert yamekusanya katika chombo kimoja machanua ya majira tofauti, ambayo hayangekutana mezani kamwe. Chukua pia picha ambayo wengi wangeitaja kuwa ushahidi wa ukweli mtupu, ile ya kijakazi anayemimina maziwa, aliyoichora Johannes Vermeer mwishoni mwa miaka ya 1650. Ukuta nyuma yake ni mweupe, una msumari mmoja wenye kivuli chake na vitundu vya misumari iliyong'olewa. Chini kuna kijisanduku cha kupashia miguu joto. Mwaka 2022 watafiti wa Rijksmuseum walitangaza kwamba chini ya rangi hiyo nyeupe walikuta mchoro wa kishikizo cha magudulia nyuma ya kichwa cha mwanamke, na kikapu cha moto pale sakafuni. Vermeer alivianza, kisha akavifuta. Jiko halisi lilijaa vyombo. Jiko la picha lilisafishwa hadi vikabaki mwanamke, mkate na uzi mwembamba wa maziwa. Msumari aliuacha. Ufundi huo wa kuchagua kipi kibaki ndio ninaouita kazi ya mji, kwa kuwa aliyechagua alijua picha inakwenda kutundikwa katika nyumba ambayo yenyewe ilikuwa na majiko, vijakazi na misumari, na ambayo mwenye nayo alitaka kuiona ikiwa imetulia kuliko ilivyowahi kutulia.

Wa pili ni mtu wa maana iliyofichwa. Anasema kwamba picha hizi ni mahubiri: bata mzinga yule ni anasa, ganda la limau linaloning'inia ni utamu wa nje wenye uchachu ndani, saa iliyoachwa mezani ni mauti. Mwanahistoria Eddy de Jongh alisaidia kuandaa maonyesho makubwa ya mwaka 1976 mjini Amsterdam yaliyozisoma picha kwa namna hiyo, akizilinganisha na vitabu vya mafumbo vya enzi ile. Miaka saba baadaye mwanahistoria mwenzake Svetlana Alpers akajibu kwamba Waholanzi walipenda zaidi kueleza dunia kwa jicho kuliko kuficha mafundisho. Sioni haja ya kukaa sana hapa. Anayeijua kanga anajua kwamba maandishi yake hayana maana moja; aliyeinunua na siku aliyoivaa ndio wanaoamua kama ni nasaha, kijembe au pambo. Picha ya Jan Steen ya familia inayokunywa mbele ya watoto, iliyojengwa juu ya methali kwamba wadogo huimba walivyosikia wakubwa wakiimba, ingeweza kumwonya baba mmoja na kumchekesha mwingine. Mji ulinunua onyo na kicheko kwa bei moja.

Wa tatu ananipa kazi zaidi, na pingamizi lake nalichukulia kwa uzito kwa sababu linatoka kwenye mapenzi. "Unamfanya Vermeer kuwa muuza duka," anasema. "Mtu aliyeacha picha zisizozidi 37 hivi maishani mwake, aliyepaka rangi ya buluu ya mawe yaliyotoka Afghanistan pale ambapo rangi rahisi ingetosha, huyo hakuongozwa na soko. Na Rembrandt alifilisika kwa sababu alikataa kufuata soko. Wakuu wa sanaa ni wale wanaoushinda mji wao." Ni kweli kwamba hakuna orodha ya mirathi itakayoeleza mwanga wa Vermeer. Lakini tumtazame mtu mwenyewe. Baba yake alikuwa mwenye nyumba ya wageni kwenye uwanja wa soko wa Delft na alisajiliwa katika chama cha Mtakatifu Luka kama mfanyabiashara wa picha. Mtoto alikulia ndani ya biashara hiyo, akaingia chamani mwenyewe mwezi Desemba 1653, akawa mmoja wa viongozi wake, na akaendelea kuuza picha za wengine. Kuchora kwa polepole hakukumtoa sokoni; kulimweka katika tabaka la juu la soko, ambako mnunuzi mmoja tajiri, Pieter van Ruijven, inaelekea alichukua karibu nusu ya kazi zake. Gerard Dou wa Leiden alifanya vivyo hivyo kwa uwazi zaidi: mnunuzi wake Pieter Spiering alimlipa gilda 500 kila mwaka ili tu apate kuchagua kabla ya wengine. Uvumilivu wa brashi ulikuwa na bei yake, na watu wa mijini waliojivunia jicho lao waliilipa.

Na Rembrandt? Picha yake maarufu kuliko zote, iliyokamilika mwaka 1642, ni picha ya mgambo wa mji. Nahodha Frans Banninck Cocq na watu wake waliitaka kwa ajili ya ukumbi wao. Miaka mingi baadaye, hesabu za Rembrandt zilipochunguzwa, mmoja wa waliochorwa alishuhudia kwamba watu 16 walilipa wastani wa gilda 100 kila mmoja, wengine zaidi na wengine pungufu, kulingana na mahali alipowekwa mtu katika picha. Soma tena maneno hayo ya mwisho. Mwanga na kivuli, ambavyo tunavisifu kama fumbo la nafsi ya Rembrandt, vilikuwa na orodha ya bei. Katika makubaliano na kikosi kingine cha Amsterdam, yaliyoanza mwaka 1633, Frans Hals hatimaye aliahidiwa gilda 66 kwa kila mtu. Wakagombana kama yeye aje Amsterdam au wao waende Haarlem, na picha ikamaliziwa na Pieter Codde mwaka 1637. Ninachokiona katika mikataba hii si udogo wa wasanii. Rembrandt alichukua desturi ya mji, watu waliojipanga safu na kulipa ili waonekane, akaifanya iwe mwendo, ngoma na vumbi. Bila desturi hiyo hakungekuwa na kitu cha kuvunja. Hata kufilisika kwake mwaka 1656 kulitokana kwa sehemu kubwa na nyumba aliyoinunua mwaka 1639 kwa gilda 13,000 kwenye mtaa wa watu wenye uwezo, akashindwa kuimalizia. Aliishi kama watu wa mji wake walivyoishi, kwa mkopo na kwa matumaini ya bei ya kesho. Na anayeuliza kama mji uliweza pia kumpoteza msanii amtazame Judith Leyster, aliyeingia chama cha Haarlem mwaka 1633, akawa na karakana na wanafunzi, kisha kazi zake zikahesabiwa za Hals hadi mwaka 1893. Jina la mwanaume liliuzika vizuri zaidi.

Sasa anasimama yule niliyekuwa namsubiri. Hapazi sauti. "Mnazungumza juu ya mwanga na maziwa," anasema. "Niambieni pilipili ile ilitoka wapi, na kwa gharama ya nani." Swali hilo halikwepeki. Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi Mashariki iliundwa mwaka 1602. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen aliongoza majeshi ya Kampuni hiyo katika visiwa vya Banda, chimbuko la kungumanga na basibasi, na wenyeji wake wengi wakauawa, wakafa kwa njaa au wakapelekwa utumwani, ili Kampuni ibaki na zao hilo peke yake. Kampuni ya Uhindi Magharibi ilianza mwaka huohuo wa 1621. Waholanzi wakachukua sehemu ya Brazil yenye mashamba ya miwa, wakaiteka ngome ya Elmina katika Ghana ya leo mwaka 1637 na Luanda mwaka 1641, ili mashamba yasikose watumwa. Johan Maurits, gavana wa Brazil hiyo, alijengewa Den Haag nyumba ambayo watu waliiita nyumba ya sukari. Leo ndiyo jumba la makumbusho la Mauritshuis, na ndani yake anatazama yule msichana wa Vermeer mwenye hereni ya lulu. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la mji wa Amsterdam lilitangaza kuacha kuiita karne ile "ya dhahabu". Sauti hii inadai zaidi ya kubadili jina: inadai tukubali kwamba utulivu wa picha ni uongo.

Nakubaliana nayo karibu njia yote, na kipimo nilichokitaja mwanzo ndicho kinachonipeleka huko. Kama picha ingekuwa kioo, kutokuwepo kwa mtumwa kungekuwa bahati mbaya ya mahali kioo kilipowekwa. Kama ingekuwa fikra ya msanii pekee, tungemlaumu msanii. Lakini ikiwa ni kile ambacho mtu alikubali kuishi nacho, basi kimya kile ni uamuzi uliorudiwa katika maelfu ya nyumba. Tuna ushahidi wa jinsi uamuzi huo ulivyofanya kazi. Mchoraji Frans Post alikwenda Brazil na Johan Maurits, akarudi mwaka 1644, akajiunga na chama cha Haarlem, na kwa miaka mingi akaendelea kuichora Brazil akiwa Haarlem, kwa sababu wanunuzi walikuwepo. Watumwa wamo katika picha hizo. Ni vidoa vya rangi chini ya anga pana: wanatembea njiani, wamesimama karibu na kinu cha miwa, mbele yao kuna nanasi na mjusi waliochorwa kwa uangalifu mkubwa kuliko wao. Utumwa uliruhusiwa kuingia nyumbani kwa sharti la kuwa mandhari. Picha za Albert Eckhout, aliyewachora Waafrika na wenyeji wa Brazil kwa ukubwa wa mwili mzima, hazikwenda sokoni. Johan Maurits alizipeleka kwa mfalme wa Denmark mwaka 1654 kama zawadi. Na mvulana Mwafrika aliyesimama nyuma ya watoto katika picha ya familia ya Frans Hals ya miaka ya 1640 amewekwa pale aonyeshe uwezo wa familia, kama vile kaure na zulia vinavyoonyesha katika picha nyingine.

Kuna atakayesema tunawahukumu watu wa kale kwa macho ya leo, kwamba hawakujua. Walijua. Mwaka 1615 Amsterdam iliona jukwaani tamthilia ya Bredero iitwayo Moortje, na ndani yake mhusika analaani biashara ya kuuza watu kwa maneno makali kabisa. Neno hilo lilisemwa hadharani, mbele ya wateja walewale wa picha, kabla Waholanzi hawajaingia katika biashara hiyo kwa kishindo. Tofauti iko katika muda na mahali. Mchezo huchukua jioni moja. Watu husikia, husisimkwa, hurudi nyumbani. Picha hukaa. Ikitundikwa juu ya meza ya chakula itakula nawe kila siku, na itatazamwa na wakwe, wageni na wadai wako. Mji uliweza kuvumilia lawama kwa saa mbili. Haukutaka kuiweka ukutani kwa miaka arobaini. Ndiyo maana siwezi kwenda na sauti hii hatua yake ya mwisho, pale inaposema utulivu ni uongo. Mwongo hubuni. Wanunuzi hawa hawakubuni maziwa wala mkate wala pilipili. Walivipenda kweli, na mapenzi hayo yamehifadhiwa kwa ukweli unaogusa. Walichofanya kilikuwa kibaya kwa namna nyingine: waliipenda bidhaa mpaka kwenye ukingo wa sahani, wakaacha mapenzi yao yaishie hapo. Nasi wa pwani hii tusijione tuko mbali na meza ile. Kaure ya China, inayong'aa katika picha za Claesz, ilipachikwa pia katika makaburi ya Kunduchi na kupangwa katika zidaka za nyumba za Lamu. Njia za bahari zilizotuletea uzuri huo ndizo walizopita watu wakiwa wamefungwa.

Rembrandt aliishi mtaa uliokuwa na Waafrika huru, mabaharia na watumishi pamoja na wake zao, waliofunga ndoa na kubatiza watoto Amsterdam. Picha yake ya wanaume wawili Waafrika, yenye tarehe ya 1661, iko katika nyumba ileile ya Johan Maurits. Nyuso ni za watu mahususi. Mmoja ameinamisha kichwa karibu na bega la mwenzake, na hawashiki sinia wala hawamwangalii tajiri yeyote. Inaonekana haikuagizwa na mtu. Orodha ya mali ya Rembrandt ya mwaka 1656 nayo inataja picha ya Weusi wawili ya mkono wake, iliyokuwa bado nyumbani kwake mwenyewe. Jicho lilikuwepo, mkono ulikuwepo, na watu walikuwa mlango wa pili. Kilichokosekana ni mteja.

Anayetaka ushahidi wa mwisho wa nguvu ya mteja huyo ausome mwaka 1672. Ufaransa ilivamia, mashamba yakafunikwa kwa maji ili kuwazuia askari, mikopo ikakauka, na watu wa mijini wakaacha kununua picha. Mwaka huo Jan Steen alipata kibali cha kufungua kilabu cha pombe Leiden. Vermeer alikufa Desemba 1675, na mjane wake, Catharina Bolnes, alieleza kwamba wakati wa vita mumewe hakuweza kuuza kazi zake wala za wengine alizokuwa nazo, huku akiwa na mzigo wa watoto wengi. Deni moja lilikuwa kwa mwoka mikate, Hendrick van Buyten. Inaelekea huyu ndiye yule ambaye miaka kumi na miwili kabla, mwaka 1663, Mfaransa Balthasar de Monconys alipelekwa kwake alipofika Delft akakuta Vermeer hana picha ya kumwonyesha. Mwoka mikate alikuwa nayo moja, yenye mtu mmoja tu, na Mfaransa akaona bei yake imezidi mno. Januari 1676 deni la mkate lilikuwa limefika gilda 617 na stuiver 6. Catharina alimpa van Buyten picha mbili, moja ya watu wawili ambao mmoja wao anaandika barua, nyingine ya mtu anayepiga zeze, kwa makubaliano kwamba akiweza kulipa gilda 50 kila mwaka atarudishiwa. Mwoka mikate akazichukua.